Anachosema Samahani Kabla ya Kutoa Pasi

Kwanza tukubaliane jambo moja: kwenye timu yetu ya kikapu ya chuo hakuna anayejua Samahani anacheza namba gani. Kwenye karatasi ya refa ameandikwa fowadi. Sawa, tumesikia. Lakini gadi wetu akibanwa akaanza kuzunguka kama mtu aliyesahau alikoegesha baiskeli, nani anakwenda kumpokea mpira na kuupandisha? Samahani. Senta wao mrefu akianza kutuonea chini ya kikapu, nani anatumwa kumganda? Samahani. Na yule mdogo wao mwenye mbio, anayepita chini ya kwapa za watu? Samahani huyo huyo. Siku moja mtunza muda alichelewa, nikamwona Samahani anaitazama ile meza kwa jicho la huruma. Nikamwambia, "Dada, kaa chini. Hiyo waachie wenyewe."

Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu ana ugonjwa wa adabu. Akikuzuia mtupo, anasema samahani. Akiruka juu ya kichwa chako akabeba ribaundi, wewe uko chini unatafuta kiatu chako, anakuinamia: "Samahani." Anasema kwa sauti ile ya mtu anayepita na beseni la maji kwenye korido. Wapinzani wanaichukia kuliko tusi. Mashabiki ndio wameharibu kabisa, maana akizuia mpira tu jukwaa zima linaimba "Samahaaani!" na yeye anarudi kwenye ulinzi anaangalia viatu vyake kwa aibu.

Mimi ni mchezaji wa akiba. Akiba ya kweli, ile ambayo familia imekubaliana isiguswe. Kocha alipoona nimekaa benchi tangu muhula uanze akanipa simu ya timu. "Kwa kuwa mikono yako haina kazi, rekodi." Ndiyo nikawa admin wa ukurasa wetu. Mwanzoni nilikuwa natangaza mechi kwa sauti yangu mwenyewe, mpaka mfuasi mmoja akaandika, "Klipu nzuri, ila lizimeni hilo trekta." Nina sauti nzito ya kukwaruza, nimezaliwa nayo, nifanyeje? Tangu siku hiyo naweka klipu bila sauti.

Na kwa sababu hazina sauti, macho ya watu yakahamia midomoni. Mtu wa kwanza kuuliza alikuwa mgeni kabisa kwenye ukurasa: "Huyo fowadi wenu anasema nini kabla ya kutoa pasi?"

Nikarudia klipu. Nikapunguza kasi. Jamani! Kila pasi, kila moja, Samahani anashika mpira, anamwona mwenzake, anachezesha midomo, anasubiri kidogo, ndipo anaachia. Nilikuwa nimemrekodi muhula mzima na sikuwahi kuona. Koment zikawaka. Anasali. Hapana, anahesabu. Anaimba wimbo. Anamwomba mpira msamaha mapema. Mwingine akaandika kwamba anatafuna bigijii, akashushiwa emoji za kucheka hadi akafuta.

Tunalala chumba kimoja bwenini, mimi na yeye, vitanda viwili na dirisha moja lisilofunga vizuri. Nikamvaa humo humo.

"Mwenzangu, unasema nini kabla ya pasi?"

"Sisemi kitu."

"Unasema. Tazama."

Akaitazama simu. Akaisogeza karibu, akaisogeza mbali kama bibi anayesoma dawa. Alishangaa kuliko mimi. "He! Huyo ni mimi?"

"Basi ni dada yako."

"Sijui, wallahi. Sijui nasema nini." Akaanza kujaribu mbele ya kioo, anashika mto kama mpira, anautupa kitandani kwangu, midomo imefunga kabisa. Akijitazama, midomo haichezi. Ni kama kumwambia mtu atembee kama kawaida, anaanza kugongana na meza.

Ingebaki kuwa kichekesho cha mtandaoni kama kusingekuwa na timu inayotufuatilia. Nusu fainali, wale wasichana walikuja wamejipanga. Samahani akishika mpira hawakuutazama mpira. Waliitazama midomo yake. Ikicheza tu, mtu anaruka mbele ya pasi. Wakatunyang'anya mpira, wakatunyang'anya tena, na sisi tukashinda kwa bahati tu, maana gadi wetu alifumba macho akatupa kutoka mbali na bodi ikamhurumia.

Kocha alimwita pembeni. Mimi nilikuwa nakusanya chupa za maji karibu sana, kwa makusudi.

"Binti," Kocha alisema, "sijafundisha mtu mwenye mikono kama yako. Unacheza kushoto, kulia, juu, chini. Lakini mpira ukifika kwako unakaa kama mgeni asiyeaga. Usipoacha hiyo tabia, fainali unaanzia benchi."

"Kocha, mama yangu anakuja."

Hapo hata mimi niliacha chupa. Mama yake hajawahi kumwona akicheza. Mechi zetu ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku watu wanahama nyumba, na kazi ya mama yake ni hiyo, kuhamisha watu. Ana lori, ana kamba, ana mablanketi ya kufungia vioo, na ana mjomba wa Samahani, kaka yake wa damu, anayeshika upande wa chini wa kila kitu kizito. Kwa ajili ya fainali, mama alikuwa amemwambia mteja mkubwa atafute siku nyingine. Samahani yuko mwaka wa mwisho. Hakuna fainali nyingine baada ya hiyo.

"Basi aje akuone unacheza," Kocha akasema, "siyo akuone umekaa na huyu," akaninyooshea kidole mimi na chupa zangu. Asante, Kocha.

Siku mbili zilizofuata, mazoezini Samahani alikuwa anatia huruma. Alifunga midomo akakaza taya, na pasi zikawa mbaya ajabu. Moja ilimpiga senta wetu sikioni. Ukimzuia kusubiri, anakuwa kama mtu aliyefungwa mkono mmoja.

Katikati ya wiki mama yake akapiga simu. Kibarua wao mmoja anaumwa, kuna familia inahama ghorofa ya tatu, je, Samahani ana rafiki mwenye mgongo mzima? Samahani akanitazama. Mimi nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuona, siyo kwa sababu ya mgongo.

Mama yake ni mfupi. Nilitegemea mti, nikakutana na kisiki. Nikamwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia huku anaukagua mwili wangu kuanzia mabegani kwenda chini, kama mtu anayechagua kiti. "Marahaba mwanangu. Wewe utabeba matakia."

Nikabeba matakia, lakini macho yalikuwa kazini. Wakati narudi juu nikamkuta Samahani anashuka ngazi kinyumenyume na sofa, mjomba amebadilishana naye akiwa upande wa juu. Hakugeuka hata mara moja. Mguu unapapasa ngazi, unaipata, unashuka, kiuno chini, mgongo wima. Nikasimama palepale na takia langu. Hiyo naijua! Hivyo ndivyo anavyomlinda yule mdogo mwenye mbio, anarudi nyuma uwanja mzima, haangalii nyuma, hajikwai.

Kwenye kona ya ngazi sofa likagoma. Nilidhani watalisukuma. Yeye akainua upande wake kidogo, akaegemeza uzito kwenye mguu mmoja, akazunguka nao pale pale, na sofa likafuata kama limeitwa jina. Hiyo nayo naijua. Chini ya kikapu, mabinti wawili wamemfunga, unaona mguu mmoja umeganda chini na mwili unazunguka, kisha ghafla yuko upande wa pili. Tulikuwa tunaona ni kipaji. Kumbe ni sofa.

Na mtupo wake wa mbali, ule ambao mashabiki wanautania kwamba anatupa kama mtu anayerusha mto juu ya lori? Nilitoka nje nikamwona anarusha mto juu ya lori. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye godoro la watu.

"Inuka, hilo halijalipiwa usafi," mama akasema.

Sasa ikaja droo, ile ya mbao yenye kioo. Kibarua hayupo, matakia yameisha. Mama akaamua kunijaribu, mimi juu, Samahani chini, mjomba pembeni kwa tahadhari. Tulishuka vizuri tu, tukafika mahali pa kubadilishana mikono. Samahani akanitazama na midomo ikacheza.

"Umeshika?"

Nikaduwaa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mdomo ulikwenda vilevile, vilevile kama kwenye klipu zangu. Nilimtumbulia macho. Kichwani nilikuwa naona koment zote zile, anasali, anahesabu, bigijii, na jibu lilikuwa mbele yangu ngazini limebeba droo. Sikujibu. Nilikuwa nimejisahau, nacheka peke yangu. Na yeye hakuachia. Droo imeninyonga mikono, yeye jasho linamtoka, tumesimama.

Mama akafoka kutoka juu. "Mjibu mwenzio! Hapa hakuna mtu anayeachia kitu mpaka ajibiwe!"

"Nimeshika!" nikajibu.

"Naachia," Samahani akasema, na uzito ukahamia kwangu polepole, bila kushtua.

Mjomba akanieleza tukiwa tunakunywa maji kando ya lori. Ukibeba kabati, mwenzako humwoni, mbao ziko katikati. Unamsikia tu. Ukiachia kabla hajashika, kabati la watu linakwenda, na vidole vyake vinakwenda nalo. "Huyu," akamwonyesha Samahani kwa kidevu, "alianza kuuliza 'umeshika' kabla hajajua kuvaa viatu. Hata ukimpa kikombe cha chai anauliza."

Samahani alikuwa ameshika chupa ya maji, ananipa. Midomo ikacheza. Tukaangaliana wote wawili, tukapasuka.

Kesho yake nikamwendea Kocha mbio. Nilitegemea atanifukuza. Akasikiliza, akajikuna shingo. "Kwa hiyo kila pasi anauliza swali, na sisi muda wote huu hatumjibu?"

"Ndiyo, Kocha."

"Hatuna adabu sisi."

Mazoezi ya jioni yalikuwa vurugu. Kila mtu akawa anapiga kelele "nimeshika" hata aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Samahani akasimama na mpira, kichwa kinazunguka. Kocha akapuliza filimbi hadi mashavu yakauma. Kanuni ikawa hii, asiyekuwa na mikono tayari afunge domo, aliye tayari aseme mara moja, basi. Wakajaribu tena. Na nikuambie, nilisahau kurekodi. Zile pasi! Swali halikumchelewesha tena, kwa sababu jibu lilikuwa linamfikia kabla hajamaliza kuuliza. Mpira unatoka mkononi kwake unakwenda kukaa kwenye mikono ya mtu kama umewekwa.

"Unaanza," Kocha akamwambia. "Ila ukikwama tena, nakutoa."

Siku ya fainali mama alikuja amevaa nguo ya kutokea na begi dogo la mkononi, mjomba amechana nywele. Wakakaa safu ya mbele kabisa. Nikaona mama anaukagua mlango wa ukumbi, nadhani alikuwa anapima kama piano ingepita.

Robo ya kwanza ilikuwa raha tupu. Samahani aliupandisha mpira, akamganda senta wao, akarusha mto wake juu ya lori kutoka pembeni ukaingia, akasema samahani kwa mtu ambaye hata hakuwa karibu. "Nimeshika!" "Nimeshika!" Pasi zinakwenda. Jukwaa linaimba.

Lakini gadi wa wapinzani, tunamwita Sindano kwa jinsi anavyopenya, alikuwa ametega sikio. Robo ya pili imeanza, Samahani ana mpira, midomo ikacheza. Na Sindano, akiwa kule nyuma ya gadi wetu, akaita kwa sauti tamu kabisa, "Nimeshika!"

Samahani akampa.

Yaani alimpa. Pasi safi, kifuani, laini, kwa adabu zote. Sindano akaondoka nayo akafunga peke yake. Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Dakika hazikupita, akarudia. "Nimeshika!" Mpira ukaenda tena. Safari hii Sindano akageuka, akamwambia, "Asante, dada."

Kocha akamtoa.

Akaja kukaa karibu yangu na taulo kichwani. Sikuwa na utani wowote. Mechi ya mwisho ya maisha yake hapa chuoni, mama yuko safu ya mbele, na yeye amekaa na mimi na chupa zangu, kama alivyotabiriwa. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, imefunguka, kama bado inasubiri mtu ajibu.

Mapumziko yalipofika mama hakuomba ruhusa. Alivuka mstari na begi lake, akasimama mbele ya benchi. Kocha akampisha.

"Mpira ulimpa nani?" mama akauliza.

"Nilisikia nimeshika, mama."

"Sijauliza ulisikia nini. Kasema nani?"

Samahani akalivuta taulo hadi usoni.

"Kwa hiyo siku mpita njia akisimama kwenye ngazi akasema nimeshika, utamwachia kabati la watu?"

Mjomba akacheka kule nyuma, akajifanya anakohoa.

"Mjomba wako ukiwa nyuma ya kabati humwoni hata kisogo. Unajuaje ni yeye?"

"Sauti yake," Samahani akasema chini ya taulo.

"Haya." Mama akamvua taulo, akalikunja vizuri, akamwekea mapajani. "Hawa si watu wako? Huzijui sauti zao?" Akarudi kukaa.

Kocha akamgeukia Samahani. "Unazijua?"

"Nazijua."

"Ingia."

Nikarudi kwenye simu yangu. Pasi za kwanza alikuwa anasita, nikaona kabisa anasikiliza kwa shingo. Senta wetu ana sauti ya puani. Nahodha anameza herufi za mwisho. Polepole akaanza kuachia bila wasiwasi. Na Sindano, masikini, alipoita "Nimeshika!" kwa ile sauti ya asali, Samahani aliinua mpira kama anampa. Sindano akaruka na mikono yote miwili. Mpira haukutoka. Samahani akapita palepale alipokuwa amesimama Sindano, akaweka kikapuni kwa mkono wa kushoto.

"Samahani," akamwambia.

Paa la ukumbi lilitaka kung'oka.

Sindano hakukata tamaa, akaanza kuiga sauti. Pua ya senta aliipata vizuri tu. Kumeza herufi kwa nahodha akakaribia. Tukawa tumebanana, pointi moja chini, saa inakwisha, na gadi wetu akapigiwa faulo yake ya tano, akatolewa nje. Kocha akageukia benchi. Akapita na macho. Yakanifikia, yakapita, yakarudi.

"Wewe. Sauti yako nani anaweza kuiiga?"

"Hakuna, Kocha."

"Vua koti."

Simu nikamtupia mjomba. "Bonyeza hapo! Rekodi!"

Sikumbuki nilivyofika pembeni mwa kikapu. Namkumbuka Samahani kule juu, mbali na kikapu, ana mpira, wawili wamemfunga, na midomo yake ikicheza. Safari hii niliisikia. "Umeshika?"

"NIMESHIKA!"

Trekta lote. Mtoto mmoja jukwaani alianza kulia. Pasi ilifika, na nilielewa kwa nini wenzangu wanampenda, maana hukuti unaukamata mpira, unakuta tayari unao. Nikatupa.

Nikakosa. Chuma, bodi, chuma. Lakini Samahani hakuwa amebaki kule juu kutazama. Alikuwa ameufuata mzigo wake, kama anavyoufuata hadi uwekwe sakafuni. Alishika ule mpira katikati ya mabinti wawili, mguu mmoja ukaganda, mwili ukazunguka, mkono wa kushoto, wavu. Filimbi ya mwisho.

Sikusikia kama alisema samahani, kelele zilikuwa nyingi mno.

Mama alitusubiri karibu na mlango. Alianza na mimi. "Wewe. Ulisema umeshika."

"Nilishika, mama."

"Mbona ulirusha?"

"Ndiyo mchezo wenyewe, mama. Nilikuwa nalenga kikapu."

Akanitazama kama mtu aliyevunja kioo cha mteja anavyotazamwa. "Kumbe." Kisha akamgeukia binti yake, akamtengenezea kola ya jezi ambayo haina kola. "Ile ya mwisho uliigeuza vizuri. Kona ilikuwa nyembamba."

Samahani aliangalia viatu vyake muda mrefu sana.

Jioni nikafungua simu kutafuta klipu ya ushindi. Mjomba alikuwa amerekodi yote, kwa uaminifu kabisa, na video nzima ni miguu. Hakuna kikapu, hakuna uso, hakuna midomo. Kazi ya mjomba ni kushika upande wa chini, na huko ndiko anakotazama. Nikaiweka hivyo hivyo, safari hii pamoja na sauti. Wafuasi wanalalamika hadi leo.

Lakini hebu itazame wewe. Viatu vyangu viko pale pembeni, vinatetemeka, aibu tupu. Kisha vinaingia vya Samahani katikati ya viatu vinne vikubwa. Mguu mmoja unatulia. Mwingine unapapasa nyuma, unaitafuta sakafu, unaipata.